Karatasi ya Kwikwi

Jumanne, 2 Septemba

Profesa Halvorsen ametuagiza tuandike shajara mpaka muhula uishe. Lugha yoyote, amesema, kwa sababu hataisoma. Atahesabu kurasa tu. Basi naandika Kiswahili na nitasema nipendavyo.

Somo lenyewe linahusu Wazungu wa miaka mia nne iliyopita walioacha kuamini kila walichoambiwa, wakaanza kupima. Mimi nataka kuwa muuguzi. Nilienda ofisini kuuliza hayo mawili yanahusiana vipi, nikaambiwa ni somo la lazima, na nikikosa B nafasi yangu ya uuguzi ya Januari atapewa aliye nyuma yangu kwenye foleni. Foleni hiyo nimeikalia miaka mitatu huku nikiogesha wazee kwenye makao yao kule Champlin. Nina miaka thelathini na minane. Sina nguvu ya kupanga foleni tena.

Alhamisi, 4 Septemba

Vitabu vimefika. Ni vizito na havina picha.

Alhamisi, 11 Septemba

Majina ya hawa Wazungu yananichanganya, kwa hiyo nimewabatiza upya. Kuna Mfaransa wa Jikoni, aliyejifungia chumba chenye moto wakati wa baridi akaanza kutilia shaka kila kitu, hata kama yeye mwenyewe yupo. Kuna Mwitaliano wa Darubini, aliyewaambia wakubwa wachungulie angani wakakataa, kwa kuwa vitabu vya zamani vilishasema kilichoko. Na kuna Mwingereza wa Kuku. Huyu inasemekana alishuka garini kwenye theluji, akanunua kuku, akamjaza theluji tumboni aone kama nyama haitaoza, na baridi hiyo ikamuua. Fiona, mke wangu, ameniuliza na yule kuku alioza au hakuoza. Kitabu hakisemi.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama mkwe amefika kutoka Kitale, kumlea Shekinah wakati Fiona akirudi kazini hospitali. Shekinah ana miezi miwili. Mama atakaa hadi Machi.

Naandika kwa anayehesabu kurasa, lakini nafsi yangu inataka kueleza. Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawali meza moja, na kutazamana usoni ni aibu kwa wote wawili. Jina lake silitaji, hata hapa silitaji. Miiko hiyo huondolewa kwa zawadi ya blanketi na wazee wa kushuhudia, ila wazee wako Bungoma na mimi niko ughaibuni, New Hope, nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya pili.

Uwanja wa ndege nilimpokea nikiwa nimempa mgongo. Nilinyoosha mkono nyuma, sanduku likawekwa mkononi, nikaenda nalo. Askari alinitazama sana.

Fiona ametunga sheria. Nikitaka kutoka chumbani nikohoe mara mbili, mama apate nafasi ya kujiondoa. Yeye akitaka kutoka, agonge kikombe kwa kijiko.

Jumapili, 21 Septemba

Tumekohoa na kugonga siku nzima.

Alhamisi, 2 Oktoba

Fiona ameanza kazi. Tukibaki wawili, tunapokezana mtoto hivi: mama anamlaza kwenye kitanda chake kidogo sebuleni, anaingia chumbani kwake, anafunga, anagonga kikombe. Mimi nakohoa, natoka, namchukua. Bernardine, jirani yetu Mkongomani wa chini, alitukuta tukifanya hivyo akauliza kama kuna mgonjwa.

Leo nimemkuta mwanangu na kipande cha karatasi kimebandikwa katikati ya paji la uso kwa mate. Kilikuwa kimechanwa kwenye kuponi ya dukani. Mtoto wangu alikuwa ananitazama akiwa na punguzo la senti hamsini za maziwa usoni.

"Ni ya kwikwi," Fiona alisema aliporudi. "Hata wewe uliwekewa."

"Ndiyo, na tazama nilivyo."

"Basi ilikusaidia kidogo tu," akasema, akaenda kuoga.

Nimekasirika kwa kweli. Katika nyumba ambamo baba mtu anasoma jinsi akili ilivyoamka duniani, mtoto anatibiwa kwa kuponi.

Jumanne, 14 Oktoba

Mtihani wa kati nimepata C, tena yenye alama ya kutoa. Nilijibu kila swali kama kitabu kilivyosema, neno kwa neno. Nilifundisha Jiografia Webuye miaka minane, najua kujibu mtihani. Nikamfuata profesa ofisini. Ni mama wa makamo, anavaa sweta moja yenye picha ya kulungu.

"Umeandika kila nilichosema," aliniambia. "Hawa watu unaowasoma walikataa kuamini jambo kwa sababu tu mwalimu kasema. Wewe unafikiri nini?"

Nilifikiri C ni dhuluma, ila sikusema.

Kilichobaki ni mradi wa mwisho, nusu ya alama zote. Kila mtu achague jambo aliloambiwa utotoni, akalijaribu kwa vipimo. Tena jaribio moja lishuhudiwe na watu wawili wasio damu yake, walione mwanzo hadi mwisho, watie sahihi, kama walivyofanya wale Waingereza wa chama cha zamani waliokutana kila wiki kutazama majaribio ya wenzao. Fomu yenye sahihi ifike tarehe nne Desemba. Hakuna fomu, hakuna alama, hakuna uuguzi.

Nimeshajua nitakachokijaribu. Nimemtangazia Fiona kwa sauti ya kupita chini ya mlango wa mtu fulani.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kwikwi ya kwanza. Nimeweka karatasi. Ikakoma baada ya dakika tano.

Jumapili, 19 Oktoba

Karatasi. Dakika nane. Ikakoma.

Jumatano, 22 Oktoba

Mara mbili. Zimekoma zote mbili. Sipendi mambo haya yanakoelekea.

Jumanne, 28 Oktoba

Mara kumi na moja nimeweka karatasi, mara kumi na moja kwikwi imekoma. Nilitaka kuiangusha karatasi na sasa nimeisimamisha kwa takwimu. Usiku mzima nimejiuliza labda kuna mshipa hapo kwenye paji. Asubuhi nikamwambia Fiona kwa unyonge kwamba mama yake ameshinda, na sayansi imethibitisha.

Alhamisi, 30 Oktoba

Leo nikiwa sebuleni na mtoto, sauti imetoka nyuma ya mlango wa mama. Hasemi na mimi moja kwa moja, anasema kupitia Shekinah, ambaye ana miezi mitatu na alikuwa amelala.

"Shekinah, muulize baba yako: zile kwikwi ambazo hakuweka karatasi, zilichukua dakika ngapi?"

Nikafungua daftari. Hakukuwa na kwikwi ambazo sikuweka karatasi.

"Shekinah," nikasema, "mwambie bibi zote niliweka."

"Mwambie baba yako, kama mashamba yote umetia mbolea, utajuaje kazi ya mbolea?"

Nimebaki nimekaa pale na mtoto na daftari langu. Wiki mbili nimepima, na kitu cha kwanza kabisa sikukifanya.

Fiona aliporudi nikamuuliza mama yake alikuwa anafanya kazi gani.

"Shamba la utafiti wa mbegu," akasema. "Miaka ishirini na sita. Yeye ndiye aliyekuwa anapima mahindi. Kwani hukujua?"

Sikujua. Nina miaka sita katika ndoa hii, na kwa sababu ya heshima sijawahi kumuuliza mama huyu neno. Nilikuwa nimemweka kando ya darubini bila kumuuliza kama ameshachungulia. Nimeona haya, tena si haya ya ukwe.

Jumapili, 2 Novemba

Utaratibu mpya, wa mama. Kwikwi ikianza, narusha shilingi kumi ya Kenya. Simba ikitokea, karatasi. Nembo ikitokea, hakuna kitu, tunangoja tu. "Sarafu ndiyo ichague," alimwambia Shekinah, "kwa sababu baba yako ana upande." Siku za kazi yangu anapima yeye. Daftari linapita chini ya mlango.

Jumatano, 5 Novemba

Daftari limerudi. Pembeni mwa hesabu zangu ameandika kwa kalamu nyekundu: *Saa ya kuanza iko wapi?* Na chini: *"Kama dakika sita" si dakika sita.*

Kalamu nyekundu sijui ameitoa wapi. Nadhani alikuja nayo.

Jumapili, 9 Novemba

Theluji ya kwanza. Shekinah ametoa macho. Hakuna kwikwi.

Alhamisi, 13 Novemba

Mafua yamenikamata na kikohozi juu yake. Nimelala chumbani tangu alfajiri nikikohoa, wala sikuwaza lolote. Kumbe kila nikikohoa, mama anadhani natoka, anarudi chumbani. Saa tano mchana hajanywa chai. Bernardine alipopanda kuazima chumvi ndipo tukajua.

"Lakini Papa Shekinah," akaniambia mlangoni, "unamfungia mama wa watu na kikohozi? Vraiment? Kweli kabisa?"

Saa nane nimefungua mlango nikakuta kikombe sakafuni, tangawizi na asali, kimefunikwa kisahani. Nilikunywa chote. Nilitaka kusema asante lakini mtoto alikuwa chumbani kwa bibi, hivyo hapakuwa na wa kumtuma.

Ijumaa, 14 Novemba

Tumebadilisha. Sasa napiga makofi.

Jumanne, 25 Novemba

Arobaini. Ishirini na karatasi, ishirini bila. Nimepiga hesabu mara tatu. Karatasi: dakika sita na nusu. Bila karatasi: dakika sita na nusu na sekunde chache. Hakuna tofauti hata ya kupigania.

Nimefurahi kuliko inavyompasa mtu anayekaa nyumba moja na mkwewe. Nilisimama mbele ya mlango wake nikasoma matokeo kwa sauti ya mwalimu wa Jiografia. Nikamalizia kwamba kwa hiyo, Shekinah, mwambie bibi, karatasi haifanyi kazi yoyote.

"Shekinah, mwambie baba yako hilo nalijua tangu nimzae mama yako."

Nikauliza, kwa nini basi anaiweka. Nilisahau hata kumpitia mtoto.

Nikadhani nimevuka mpaka. Kisha akasema taratibu: "Karatasi si ya mtoto. Ni ya anayengoja. Mama kijana akisikia kwikwi anaogopa. Anamnywesha mtoto maji, anamtikisa, anampindua kichwa chini. Mpe karatasi achane, alambe, abandike, aitazame isianguke. Dakika zinapita. Mtoto anapona mwenyewe na hakuna aliyemuumiza."

Nimepima kitu kimoja mwezi mzima kwa mtu asiyehusika. Nilitakiwa kumpima baba yake.

Jumanne, 2 Desemba

Leo nitaandika kurasa, na profesa azihesabu vizuri.

Fomu inatakiwa kesho kutwa. Mashahidi wangu walikuwa Bernardine na Nahashon, rafiki yangu wa Blaine. Saa mbili asubuhi Nahashon akapiga simu. Theluji imemfunika mpaka vioo.

"Ndugu yangu, siwezi ku-drive," akasema. "Hata mlango wa gari siuoni. Nitume sahihi kwa simu?"

"Lazima uone kwa macho."

"Basi niombee."

Bernardine alikuwa ameshapanda, amevaa kitenge na soksi mbili mbili, amekaa karibu na maandazi. Shahidi mmoja. Majirani wengine siwajui hata majina, na nje hapapitiki. Fiona aliyekuwa zamu tangu jana amezuiwa na theluji hukohuko hospitali. Nilizunguka sebule nikihesabu watu wasio damu yangu waliomo ndani ya jengo hili, na zaidi ya Bernardine aliyebaki ni mmoja tu, mama mkwe.

Nikapiga makofi. Nikasema na mlango: "Shekinah, mwombe bibi atutilie sahihi. Ameona mengi kuliko shahidi yeyote, hii moja ataisikia tu."

"Mwambie baba yako siwezi kutia sahihi kitu nisichokiona."

"Mama, naomba. Nafasi yangu ya Januari iko hapo."

"Nasikia. Nami nilifukuzisha vijana wawili kazi kwa kujaza vipimo vya mashamba ambayo hawakuyatembelea. Siwezi."

Bernardine aliacha kutafuna. "Sasa mnataka nini?" akauliza. "Yeye anatakiwa kumwona mtoto. Nani kasema akuone wewe?"

Huyo Bernardine angekuwa Mwingereza wa chama kile wangemfanya mwenyekiti. Tulichukua shuka kubwa la Fiona, la harusi, lenye maua, tukalibandika kwenye fremu ya mlango wa mama kwa utepe. Nikashika mkasi na kutoboa tundu moja kimo cha jicho la mtu aliyekaa kitini. Kitanda cha Shekinah tukakisogeza mbele ya tundu, saa ya ukutani tukaiegemeza miguuni pake. Mimi nikakaa pembeni ambapo shuka linanificha.

Tukamnyonyesha chupa. Tukangoja.

Mtoto ambaye kwa miezi miwili amepata kwikwi kila nikishika kitu cha moto, leo alikuwa mzima kabisa. Alicheka. Alimtazama Bernardine akila andazi la nne. Saa moja ikapita. Bernardine alitueleza kwamba kule Bukavu hawaweki karatasi, wanaweka uzi wa blanketi la mtoto, na kwamba uzi hauna mashaka. Sauti ikatoka nyuma ya shuka: "Mmehesabu?" Bernardine akasema hapana. "Basi utapanda hapa Jumatatu na uzi wako," ikajibu sauti.

Saa ya pili ikapita. Nilikuwa nimeshaanza kumkasirikia mtoto wa miezi minne kwa kukosa kuumwa. Saa sita kasoro dakika kumi, *hik*.

Nilirusha shilingi. Simba. Nikachana karatasi, nikalamba, nikabandika. Kisha tukatazama, watatu. Jicho lilikuwa pale kwenye tundu, katikati ya ua la waridi. Mimi nilitakiwa kumtazama mwanangu, lakini nakiri nililitazama lile jicho. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona mama wa mke wangu, sehemu hiyo moja. Halikunigeukia hata mara moja. Lilikuwa linakwenda kwa mtoto, kwa saa, kwa mtoto, na nilifikiri kwamba kama ningekuwa mmea wa mahindi wa shamba lake ningejitahidi kukua.

Dakika saba na sekunde kumi.

Fomu ikapita chini ya shuka. Ikarudi ikiwa na sahihi nzuri iliyolala upande, na kalamu nyekundu imerekebisha tarehe niliyokosea.

Jumatano, 3 Desemba

Fiona amerudi, ameliona shuka. Leo siandiki zaidi.

Alhamisi, 11 Desemba

Siku ya kusimama mbele ya darasa. Fiona alisema ataleta Shekinah aone mradi wake. Hakusema nani atambeba. Nilipogeuka kutoka ubaoni nikamwona mama mkwe wangu amekaa safu ya kwanza, mzima mzima, koti la Fiona begani, mtoto mapajani. Nikatazama dari. Naye akatazama dirisha.

"Mabibi na mabwana," nikaanza, "katika utafiti huu, *hik*."

Walidhani ni mzaha, wakacheka. Nikaanza tena. *Hik.* Nilikunywa maji, nikazuia pumzi, nikainama. Profesa Halvorsen alitazama saa yake. Kila mtu ana dakika kumi. Nusu ya alama zote ilikuwa mbele yangu, na mimi siwezi kumaliza sentensi. *Hik.* Nilihisi jasho mpaka kwenye soksi. Nikaona Januari inakwenda zake.

Nikasikia karatasi ikichanika.

Alimpa Fiona mtoto. Akainuka, akazunguka meza, akaja mbele ya watu ishirini na saba. Alikuwa amechana pembe ya karatasi ya ratiba ya siku; akailamba, akanitazama usoni, akanibandika kwenye paji na kukandamiza kwa kidole gumba. Mkono wake ulikuwa na baridi. Kisha akarudi kukaa.

Nikatazama saa ya ukutani, kwa mazoea. Niliposema tena, nilisema polepole, katikati ya kwikwi: arobaini, shilingi, simba, nembo, dakika sita na nusu na dakika sita na nusu. Nikasema karatasi haitibu kwikwi. Nikasema ni ya anayengoja. Wakati huo nilimtazama, nikaona ameshika vizuri pembe iliyobaki ya ile ratiba, anaikunja na kuikunjua.

Kwikwi ilikoma dakika ya saba. Jaribio moja halithibitishi kitu.

Alhamisi, 18 Desemba

B, yenye alama ya kuongeza. Profesa ameandika chini: *Karatasi ilikuwa ya nani, mara ile ya mwisho?* Hilo ndilo swali la kwanza la muhula huu ambalo nina jibu lisilotoka kitabuni.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimenunua blanketi. Nahashon na Bernardine wamesimama badala ya wazee, na nimeandika karatasi ya kushuhudia ili Bungoma wasije wakasema. Mama aliisoma kabla ya kutia sahihi.

"Umeandika 'wazee wawili'," akasema. "Huyu dada ana miaka thelathini. Rekebisha."

Nikarekebisha. Tukapeana mkono, watu wakashuhudia.

Jumapili, 21 Desemba

Asubuhi nimetoka chumbani bila makofi, nimesahau kabisa. Alikuwa mezani na chai, Shekinah begani, karatasi kwenye paji la mtoto. Nikasimama pale nisijue nirudi au nipige makofi kwa kuchelewa.

Hakumwambia Shekinah aniambie. Alisogeza kiti kwa mguu.

"Wanjala," akasema, "kaa. Bado dakika nne."